Kuaga ni kwa Watu Wawili

Baba Paroko, wazee wetu, akina mama wa mtaa wa Manika, mawakili wenzake marehemu mliovaa majoho meusi kwenye jua hili bila kulalamika, na ninyi nyote mliokaa nasi matangani tangu Jumanne, familia ya Kankolongo inawaomba mtege sikio kidogo, mumsikie mtu ambaye alipokuwa hai hakuna aliyeweza kumnyamazisha, si hakimu, si askofu, wala si mama mkwe wake. Jamaa wamemtuma Kalala, huyu aliyesimama mbele yenu, mtoto wa mdogo wa marehemu, awasomee safari yake, na wamemwonya asitie chumvi, lakini marehemu mwenyewe alikuwa chumvi ya kutosha, kwa hiyo msomaji hana kazi kubwa.

Maître Kanyinda Gracien, ambaye wengi wenu mlimwita Tata Avoka, yaani Baba Wakili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, mtoto wa tatu wa Tata Kankolongo na Mama Kanku, ambao walikuwa wameletwa kutoka Kasai kwa treni, baba na mkataba wake wa kazi, mama na mbegu za mahindi alizozifunga katika pindo la nguo. Marehemu alitaka mahali pa kuzaliwa kwake patajwe kwa sauti, na mtu alipomwuliza kwao ni wapi, hakutaja mji wala jimbo, alinyoosha kidole chini, kwenye udongo huu mwekundu unaokataa kutoka kwenye viatu, akasema ni hapa.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri hapa Kolwezi kuanzia mwaka 1952 hadi 1958, akaendelea na sekondari Likasi hadi 1964, kisha akafundisha darasa la nne huko Mutshatsha kwa miaka miwili, ambako inasemekana wanafunzi wake walijifunza hesabu kidogo na kubishana sana, na mwaka 1966 akapanda treni na kisha meli ya mto kwenda kusomea sheria Kinshasa, akahitimu mwaka 1971. Wenzake walibaki mji mkuu kutafuta ukubwa, yeye alirudi hapa mwaka uleule, akafungua ofisi Manika katika chumba kimoja kilichopakana na fundi baiskeli, akawa anaandika maombi ya wateja huku mtu akigonga nyundo ukutani.

Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa takatifu na Mama Numbi Mado, binti wa Tenke, ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, yule anayegeuza njia pale Tenke ili treni moja ishike njia ya kaskazini na nyingine ielekee magharibi, kuja kwetu. Wazee wa Tenke hawajasahau siku ya mahari, kwa sababu kijana alikataa kutumia msemaji kama desturi inavyotaka, akajisemea mwenyewe, akalijadili kila jambo tangu asubuhi hadi jua likatua, mbuzi wa jinsia gani, blanketi la nani, mpaka baba mkwe akashika kichwa akasema, "Mumupe bibi yake, batu bapate kulala." Mungu akawabariki na watoto watatu, Joyeuse mwaka 1973, Dodo mwaka 1976 na Fidélie mwaka 1979, na wajukuu ambao aliwafundisha kudai haki zao kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa tuje kwenye kazi yake, kwa sababu huko ndiko maisha yake yalikofungwa fundo. Mwaka 1974, mwenye kinu cha unga cha Manika, Mgiriki mmoja, alipokuwa anaondoka, wafanyakazi wa kinu pamoja na akina mama wauza unga walikiweka mikononi mwao, wakaunda kampuni yao, wakaiita Tusaidiane, na wakamwomba avoka kijana awaandikie kanuni. Aliziandika kwa moyo wote, na akaweka ndani yake sharti alilojivunia sana, kwamba mwenye hisa atakayehama Kolwezi kwa hiari yake atawaachia hisa zake wale wanaobaki, ili kinu kisije siku moja kikawa mali ya watu wa mbali wasiojua hata mlango wake uko upande gani. Kwa miaka karibu ishirini sharti hilo lililala usingizi, kinu kikasaga, bukari, ugali wetu, ikapikwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba kisu kikali hakimjui aliyekinoa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yakaharibika, mgodi ukaporomoka, mitambo mikubwa ikanyamaza mmoja baada ya mwingine, mishahara ikawa hadithi, na kama ilivyo mahali penye njaa, watu wakaanza kutafuta wa kulaumiwa. Wenye asili ya Kasai wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu, hata wale waliozaliwa hapa, hata wale ambao wazazi wao wamezikwa hapa, wakaambiwa, "Murudie kwenu." Wakati huohuo mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi, Bwana Ngoy, alikuwa amekitamani kinu cha Tusaidiane kwa muda mrefu, alikuwa amekuja mara mbili kwenye mkutano wa wenye hisa kuomba kukinunua chote, na mara mbili wasimamizi walikuwa wamemkatalia, basi akaamua kuwapita pembeni, akawa anazinunua hisa nyumba kwa nyumba kutoka kwa wale waliotaka kubaki lakini waliokuwa na hofu. Tuseme haki mbele ya jeneza, Ngoy hakumfukuza mtu, alingoja tu wengine wafukuze, kisha avoka wake akalifumbua lile sharti la mwaka 1974, akatangaza kwamba kila Mkasai anayepanda treni anahama, hisa zake zinawaangukia wanaobaki, na wanaobaki wameshakubali kumwuzia Ngoy.

Kanyinda alipolisoma tangazo hilo alikaa chini, kwa sababu aliyatambua maneno yake mwenyewe, lakini alikuwa mtu wa kukaa chini kwa dakika chache tu. Akaona kwamba jambo hili litafika mahakamani, kwamba kesi yote itaning'inia kwenye neno moja, hiari, na kwamba Ngoy atatafuta mashahidi wa kusema hawa watu waliondoka kwa kupenda, wakafunga mizigo, wakawaaga majirani, wakaenda zao kwao. Kwa hiyo akaenda stesheni, ambako maelfu walikuwa wamelala kwenye vumbi kwa wiki nyingi wakingoja mabehewa, akapita kati ya magodoro na vyerehani na watoto wenye homa, akamwambia kila mwenye hisa, "Musiage mutu. Museme munaenda kutembea."

Wakamtii, Mungu awarehemu, na wale waliokuwepo wanajua lilikuwa jambo la kuchekesha na la kupasua moyo kwa pamoja, mtu amebeba mlango wa nyumba yake kichwani, jirani analia anamshika mkono, naye anajibu kwamba anaenda kutembea kidogo, atarudi wiki ijayo. Watu walioishi ua mmoja kwa miaka thelathini waliachana hivyo, bila neno, kwa ajili ya kinu cha unga, na pia, tuseme wazi, kwa sababu kutokuaga kuliwaachia tumaini ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa anawapa.

Mmoja tu ndiye aliyeshindwa. Mama Ngalula, mwenyekiti wa akina mama wenye hisa, mama mwenye adabu za kizamani, alipotoka nyumbani kwake na furushi lake kichwani alimkuta jirani yake, Mwalimu Kyungu, ameketi mlangoni, na miguu yake ikakataa kupita kama mbuzi mbele ya mtu aliyeketi, akasimama, akainama kidogo, akasema, "Tata Kyungu, mubakie muzuri." Mtu wa Ngoy alikuwa barabarani, akasikia.

Zamu ya marehemu mwenyewe ilifika tarehe 27 Machi 1993. Mama Mado, kwa kuwa ni binti wa Katanga, jimbo letu hili, hakuguswa, na wote wawili walikubaliana kwamba abaki na watoto, waitwe kwa jina la babu yao wa Tenke mpaka hasira zipoe, moto uwake kila siku kwenye mbabula, jiko la makaa, ili asiwepo mtu wa kusema nyumba ya Kanyinda imehamwa. Walipofika stesheni walisimama kama watu wasiojuana, mke anaangalia reli, mume anaangalia viatu, na injini ilipovuta alipanda, akageuka mlangoni, akasema, "Mado, angalia chungu, isiungue," naye akajibu, "Niko naiangalia," na hivyo ndivyo walivyoachana watu waliooana kwa miaka ishirini na zaidi.

Huko Mwene-Ditu, mji wa Kasai ambako treni iliwashusha, aliishi kwanza katika darasa la shule pamoja na familia nyingine nne, baadaye katika nyumba ya udongo aliyoijenga vibaya kwa mikono ya mwanasheria, na waliokuwa naye wanasema alikuwa mzima wa mwili lakini nusu yake haikufika. Aliikumbuka Kolwezi kwa pua zaidi kuliko kwa macho, moshi wa makaa asubuhi, mvua ya kwanza kwenye vumbi la mgodi, harufu ya unga wa moto unapotoka kinuni, na mtu aliposema mbele yake kwamba zamani tulikuwa tunakaa Kolwezi alimkatiza papo hapo, akamwambia aseme tunakaa. Mchana, watu walipopumzika, aliketi akielekea kusini, na hakuna aliyethubutu kumwuliza anaangalia nini, kwa sababu huko hapakuwa na kitu cha kuonekana ila nyasi.

Kesi aliyoifungua dhidi ya Ngoy ilisikilizwa Lubumbashi, ambako Mkasai bado aliweza kuingia, na kila aliposafiri kwenda huko treni ilipita Tenke, pale njia zinapogawanyika, na Mama Mado alikuwa anakuja kutoka Kolwezi kumngoja, wakati mwingine siku nzima, wakati mwingine zaidi, akiwa na bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, alivyovifunga kwa vitambaa viwili visipoe. Treni ilisimama kidogo tu, marehemu alikula amesimama, wakaongea mambo ya watoto na bati lililotoboka, kisha akaziangalia zile reli zinazopinda kwenda magharibi, kwenda kwake, reli ambazo baba mkwe wake alikuwa amezigeuza maisha yake yote kwa mkono mmoja, na ambazo yeye, pamoja na sheria zake zote, hakuweza kuzigeuza. Injini ilipolia alisema tena angalia chungu, na Mama akajibu tena kwamba anaiangalia, na Mama ametuambia wiki hii kwamba neno hilo alilichukia, alitamani mara moja tu amwambie kwaheri amlilie kama wanawake wengine wanavyowalilia waume zao.

Mama Ngalula alifariki Mwene-Ditu tarehe 2 Novemba 1994, na neno la mwisho alilomwuliza Tata Avoka lilikuwa iwapo adabu yake imewanyang'anya watoto wa watu kinu chao. Kwa maana upande wa Ngoy ulikuwa umemfanya huyo mama kuwa mfano wa wote, ukadai kwamba aliyeaga ameondoka kwa hiari, na kwamba yale aliyoyafanya mwenyekiti ndiyo waliyoyafanya wote, ila wao walifungwa ulimi na avoka wao mjanja.

Tarehe 16 Aprili 1996 upande huo ulimleta Mwalimu Kyungu kuwa shahidi wao, na Mwalimu, ambaye yuko nasi hapa amekaa upande wa kushoto na anaturuhusu kuyasema haya, hakutaka kwenda, lakini aliapa kusema kweli, na kweli ilikuwa kwamba mama yule alimuaga. Avoka wa Ngoy akaketi kwa kuridhika, na marehemu akasimama akiwa hana kitu mkononi, maji yamemfika shingoni, akayaacha maswali yote ya kisheria aliyokuwa ameyaandaa, akamwuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Manika angeuliza, "Na weye, Tata, ulimujibu nini?"

Mwalimu akajibu, "Sikumujibu. Ningemuambia wende muzuri, wende wapi? Kwake ni hapa."

Ndugu zetu mliotoka mbali, labda kwenu ni tofauti, lakini kwetu kuaga ni kwa watu wawili, anayeondoka anasema bakia muzuri, anayebaki anasema wende muzuri, na pasipo la pili la kwanza linaning'inia hewani, hata mgeni aliyemaliza chakula chake, asipojibiwa, hafungui mlango, anarudi kuketi na kuuliza amekosa nini. Hakimu alikuwa mtu wa hukuhuku, na marehemu hakuhitaji kumweleza, alisema tu kwamba Mama Ngalula aliomba njia na hakupewa, kwa hiyo mbele ya desturi bado amesimama pale mlangoni na furushi lake kichwani, na mtu aliyesimama mlangoni hajahama. Kisha akaketi, akafunika uso kwa mikono, na wenzake mliokuwepo mnasema hamkuwahi kumwona akiketi mapema hivyo.

Hukumu ilisomwa tarehe 18 Juni 1996, ikasema kwamba aliyefukuzwa hana hiari, hisa zote zikabaki za wenyewe, na ununuzi wa Ngoy ukaanguka. Marehemu alirudi Kolwezi tarehe 10 Agosti mwaka huo, akatembea kwa miguu kutoka stesheni kwa sababu alitaka kukanyaga, akamkuta mke wake uani ameinamia mbabula, na Mama Mado, bila kugeuka, kwa maana aliutambua mwendo wake, akamwambia, "Ulikawia sana, chungu ilisha kuungua." Walilia, na Joyeuse anasema baba yake alikila kile chakula kilichoungua chote, akakwangua na chungu chenyewe.

Tusiwadanganye kwamba baada ya hapo mambo yote yalikaa sawa. Kinu kinasaga mpaka leo chini ya usimamizi wa Joyeuse, kwa kusuasua kama umeme wenyewe, lakini wengi wa wenye kinu hawakurudi kamwe, wengine wamezikwa kando ya reli, wengine wamezeeka huko walikotupwa, na ushindi haukumwondolea marehemu ile kiu, uliihamisha tu, kwani alipokuwa Mwene-Ditu aliitamani Kolwezi, na alipofika Kolwezi aliwatamani watu wake. Kila mwaka, katika mkutano wa wenye hisa, aliyaita majina yote ya mwaka 1974, hakuruka hata moja, na jina la asiyekuwepo lilipoitwa, la Mama Ngalula likiwa la kwanza, mkutano mzima uliitika, "Ameenda kutembea." Na yeye mwenyewe hakumuaga mtu tena, aliondoka ofisini kimya, aliondoka kwenye harusi kimya, wageni walimwona hana adabu, sisi tulimzoea.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2009, alibishana nao kama alivyobishana na kila kitu, akadai chai yenye sukari ni haki ya mtu aliyezaliwa huru, mpaka figo zilipochoka, na tarehe 28 Januari mwaka huu wa 2014 tukamlaza hospitalini hapa mjini. Jumapili tarehe 9 Februari, baada ya kupokea sakramenti, alimtafuta Mama Mado kwa macho, akamshika kidole kimoja tu kwa kuwa nguvu zilikuwa zimeisha, na akasema neno ambalo alikuwa hajalisema kwa zaidi ya miaka ishirini, akasema, "Mado, bakia muzuri."

Mama Mado hakujibu. Alichukua kitambaa akampangusa paji la uso, akapanga shuka, akaangalia dirishani, na marehemu, ambaye aliijua kesi hiyo kuliko mtu yeyote duniani, akaelewa, akatabasamu, na hakuondoka. Siku hiyo hakuondoka, Jumatatu hakuondoka, daktari akashangaa, sisi hatukushangaa, tulijua amesimama mlangoni na furushi lake kichwani, na Jumanne tarehe 11 Februari, saa tatu asubuhi, mwili ukamshinda, akazimika, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, na jibu lake bado liko mdomoni mwa mke wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyetaka kila sindano itolewe sababu, inawashukuru majirani wa Manika walioleta maji, kuni na machozi, inawashukuru mawakili wenzake, wafanyakazi wa Tusaidiane walioleta unga wa matanga, parokia na wanakwaya, Mwalimu Kyungu ambaye alinyamaza siku moja akaokoa watu wengi, na watoto wa Bwana Ngoy, ambao wameleta maua na kuketi nasi chini kwenye mkeka.

Mama Mado ameomba jambo moja, kwamba tukimaliza kusoma tumpe nafasi asogee karibu na jeneza, na neno atakalolisema ninyi nyote mlirudie pamoja naye, kwa sauti, kwa ajili ya huyu na kwa ajili ya wote waliosimama stesheni mwaka ule bila kuaga wala kujibiwa. Amelibana siku zote hizi kwa sababu lilikuwa kamba yake ya mwisho ya kumshikilia, na leo analiachia.

Gracien, mwana wa Kankolongo na wa Kanku, mzaliwa wa hapa, tunakulaza katika udongo uleule uliouonyesha kwa kidole, leo unaondoka bila kuhama. Chungu tunakiangalia. Mama Mado yuko anakujibu: wende muzuri. Pumzika kwa amani.